Sura ya Sita: Tangi Limejaa, Mbona Karatasi Inatoka na Mistari?

Kila shule zinapofunguliwa Januari, swali hili hurudi kwenye steshenari, kwenye ofisi za walimu na majumbani: "Printa ilikuwa nzima tulipofunga. Wino upo, unaonekana kwa macho. Mbona sasa inatoa mistari myeupe, na nyeusi haitoki kabisa?" Anayeuliza huwa ameshaiamuru printa ijisafishe mara nyingi mfululizo. Wino umeshuka kwenye tangi, mistari iko palepale.

Jibu fupi ni kwamba wino umekauka mahali pembamba mno pasipoonekana kwa macho. Lakini jibu hilo halitoshi, kwa sababu si kila mstari mweupe unatokana na wino mkavu, na dawa ya tatizo moja inaweza kuzidisha jingine. Naamini printa nyingi zinazotupwa kwa jina la "kuziba" zingepona kwa maji safi na usiku mmoja wa kusubiri. Kinachoziua ni haraka ya mwenyewe.

Kichwa ni nini, na kinazibaje?

Printa za nyumbani ni za aina mbili kuu. Ya leza hutumia unga. Ya wino, ambayo ndiyo tunayoizungumzia, hurusha matone madogo sana juu ya karatasi. Kinachorusha matone hayo ni kichwa cha printa, au hedi kama mafundi wanavyokiita: kile kisehemu kinachokwenda kushoto na kulia unaposikia printa inavuma. Chini yake kuna bamba lenye matundu. Epson L3250, kwa mfano, ina matundu 180 ya wino mweusi na 59 kwa kila moja ya rangi nyingine tatu, yaani samawati, majenta na njano. Kila tundu ni jembamba kuliko unywele wa binadamu.

Ndani ya wino kuna maji mengi, rangi, na vimiminika vinavyouzuia usikauke upesi. Maji yakipotea mdomoni mwa tundu, kinachobaki ni utando mzito. Aliyewahi kupaka hina kwa koni anaijua hali hii. Ukiiweka koni pembeni na ncha yake wazi, hina ya mdomoni inakauka huku ya ndani ikiwa bado laini. Ukiikamua kwa nguvu, inapasukia ubavuni. Mwenye kuijua kazi huilowesha ncha kwanza.

Waliotengeneza printa walilijua tatizo hili, wakaweka kinga. Upande wa kulia, mahali kichwa kinapolala baada ya kazi, pana kijisahani chenye kingo za mpira. Tukiite kifuniko, kwa sababu kazi yake ni kufunika matundu yasipigwe na hewa. Chini yake kuna pampu ndogo inayonyonya wino wakati wa usafishaji, na pembeni kuna ulimi wa mpira unaofuta uso wa kichwa. Ukiizima printa kwa kitufe chake, kichwa hurudi nyumbani, mpira unabana, na printa inaweza kukaa majuma bila madhara. Ukichomoa plagi au kuzima ukutani kichwa kikiwa katikati ya safari, matundu yote yanabaki wazi.

Na hapa kwetu asiyezima kwa mkono huzimiwa na umeme. Umeme ukikatika printa ikiwa kazini, kichwa kinasimama popote kilipofika. Kwa hiyo umeme ukirudi, hata kama ni usiku na kazi imeshaahirishwa, washa printa, iache itulie, kisha izime kwa kitufe. Ni jambo la dakika moja, na sijui tabia nyingine inayookoa vichwa vingi kama hiyo.

Jua kwanza kichwa chako ni cha aina gani

Mwaka 1977, mtafiti wa Canon aitwaye Ichiro Endo aliona chuma cha moto cha kulehemia kikigusa sindano yenye wino, na wino ukaruka kutoka kwenye ncha. Kutokana na tukio hilo Canon ilitengeneza kichwa cha joto: ndani ya kila tundu kuna kijihita kinachochemsha wino kidogo, povu linazuka, na povu hilo linasukuma tone nje. HP nayo ilifikia wazo kama hilo kwa njia yake, ikatoa printa ya ThinkJet mwaka 1984.

Epson na Brother walikwenda njia nyingine. Ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha mwaka 1880 kwamba baadhi ya fuwele zikibanwa hutoa umeme. Kinyume chake pia ni kweli: zikipewa umeme, hujikunja. Kichwa cha Epson hutumia mkunjo huo kukamua tone, bila joto.

Kwa mtu aliyekaa na printa iliyoziba, tofauti hii ina maana ya pesa. Kijihita huchakaa, kwa hiyo katika printa nyingi za HP na Canon kichwa kimewekwa kwenye katriji yenyewe. Ukinunua HP 652 au Canon PG-445 mpya, umenunua na kichwa kipya. Kichwa cha Epson, kwa upande wake, kimekusudiwa kuishi na printa mpaka mwisho, na hicho ndicho kinachostahili kupiganiwa. Canon za matangi za mfululizo wa G ziko katikati: zina matangi, lakini vichwa vyake vinachomoleka.

*Kwa ufupi:* kichwa kikiwa kwenye katriji, jaribu kidogo, ikishindikana badilisha katriji. Kikiwa ndani ya printa, nenda polepole.

Soma karatasi kabla ya kugusa kitu

Kosa linalogharimu watu wino mwingi ni kuanza kusafisha kabla ya kujua kinachosafishwa. Kila printa ya wino ina ukurasa wa kukagua matundu, nao unapatikana kwenye menyu ya matengenezo, ama kwenye kompyuta au kwenye kioo cha printa. Kwa Epson utaona vijistari vilivyopangwa kama ngazi, na kila kijistari kinasimama badala ya tundu moja. Kijistari kisipoonekana, tundu lake halikutoa wino.

Chapisha ukurasa huo. Andika saa kwa kalamu pembeni. Kisha, bila kusafisha chochote, chapisha tena, na uziweke karatasi mbili sambamba kwenye mwanga wa mchana. Mwanga una umuhimu wake, kwa sababu njano hujificha kwenye karatasi nyeupe na watu wengi huiruka. Sasa linganisha mapengo:

- Pengo liko mahali palepale kwenye karatasi zote mbili: wino umekauka kwenye tundu hilo.
- Mapengo yamehama, matundu mengine yamefunguka na mengine yameziba: kuna hewa ndani, si wino mkavu.
- Ukurasa unaanza vizuri, rangi inafifia kadiri unavyoshuka: wino haufiki kichwani kwa kasi inayotakiwa.
- Rangi nzima haipo hata kijistari kimoja: inaweza kuwa lolote kati ya hayo, au umeme wa kichwa umekufa. Tutaipima mbele kidogo.

Hewa ndiyo inayowapoteza watu wengi. Huingia tangi likiachwa likauke, au printa ikilazwa ubavu, au ikipakiwa kwenye bodaboda na kutikiswa safari nzima. Ukiishambulia hewa kwa kusafisha mfululizo, pampu inazidi kuvuta mapovu, mapengo yanahama, nawe unadhani kuziba kumezidi. Dawa yake ni kuijaza printa wino mpaka juu ya mstari wa chini, kuiweka mahali pa usawa, kuizima kwa kitufe, na kuiacha mpaka kesho. Mapovu madogo huyeyuka yenyewe kwenye wino. Kesho yake usafishaji mmoja mara nyingi hutosha.

Kuhusu rangi inayofifia, kagua kabla ya lolote kama mpira wa kupitisha wino umebanwa mahali. Baadhi ya Epson za zamani, kama L210 na L355, zina kifundo pembeni cha kufungia wino wakati wa kusafirisha. Kuna printa zinazopelekwa kwa fundi kwa sababu tu aliyezihamisha hakukizungusha kifundo hicho kirudi kwenye hali ya kuchapisha.

Usafishaji wa menyu, na kikomo chake

Ikiwa pengo liko palepale, anza na usafishaji wa kawaida. Mmoja, kisha ukaguzi. Wa pili, kisha ukaguzi. Ukifika wa tatu bila mabadiliko, izime printa na usubiri angalau muda wa saa 12. Kusubiri huku ni sehemu ya matibabu: wino mpya uliovutwa hadi kwenye tundu unagusana na ule mkavu na kuulainisha, jambo ambalo pampu peke yake haiwezi.

Kila usafishaji una gharama mbili. Ya kwanza unaiona, wino unapungua, na kwa kawaida unapungua kwenye rangi zote hata kama iliyoziba ni moja. Ya pili huioni. Wino unaonyonywa huishia kwenye sifongo lililoko chini ya printa, na printa huhesabu kiasi kilichoingia. Hesabu ikifika mwisho, inagoma kuchapisha kabisa mpaka sifongo au kisanduku chake kibadilishwe. Aliyesafisha mara ishirini kwa siku amekula umri wa printa yake bila kujua.

Menyu ya Epson ina pia usafishaji wa nguvu, unaobadilisha wino wote ulioko kwenye mipira. Huo ni wa mwisho kabisa, na usiuguse kama kuna tangi lililo chini ya theluthi. Tangi likiisha katikati ya zoezi, pampu inavuta hewa hadi kichwani, na sasa una matatizo mawili.

Kulowesha kichwa

Hapa ndipo kazi ya nyumbani inapoleta matokeo, nayo inataka jioni tulivu kuliko ufundi.

Maji yawe yale yaliyotoneshwa, yasiyo na chumvi. Ya bomba au ya kisima yakikauka huacha chokaa, na chokaa kwenye tundu jembamba kuliko unywele ni mgeni asiyeondoka. Yaliyotoneshwa huuzwa kwenye maduka ya dawa, na pia kwenye maduka ya vipuri kwa jina la maji ya betri. Soma chupa vizuri: yanayotakiwa ni yale ya kuongezea betri iliyopungua. Kimiminika cha kujazia betri mpya ni asidi, nacho kitaharibu printa na ngozi yako. Usipopata uhakika, nenda duka la dawa.

Mpangilio wa kazi ni huu:

1. Washa printa, inua sehemu ya juu, na kichwa kikisogea kuelekea katikati chomoa plagi. Hapa tu ndipo ninaporuhusu kuchomoa, kwa sababu unataka kichwa kitoke kwenye kifuniko na umeme usiwepo.
2. Dondoshea maji kidogo kwenye kijisahani cha kifuniko, na futa kingo zake za mpira kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kama kile cha kufutia miwani. Pamba huacha nyuzi.
3. Kunja karatasi nzito ya jikoni iwe utepe wa upana wa vidole viwili, uloweshe kwa maji ya uvuguvugu, uukamue usichuruzike, kisha uulaze kwenye njia ya kichwa.
4. Sogeza kichwa kwa mkono taratibu mpaka kikae juu ya utepe. Kikigoma, usikilazimishe, huenda utepe ni mnene mno.
5. Kiache hapo kwa saa kadhaa, au usiku kucha ukilowesha tena utepe kabla ya kulala.
6. Asubuhi toa utepe, kausha maji yaliyobaki, rudisha plagi, fanya usafishaji mmoja na ukaguzi mmoja.

Utepe huo usiutupe kabla ya kuusoma. Juu yake kutakuwa na alama za rangi, michirizi minne iliyolala sambamba. Tuseme mitatu imekolea na mahali pa nyeusi pana kivuli hafifu cha kijivu. Maana yake ni kwamba maji yameanza kuuyeyusha wino mkavu lakini hayajamaliza, kwa hiyo rudia usiku wa pili. Pakiwa peupe kabisa, aidha kuziba ni kukubwa au wino haufiki kichwani. Na kama nyeusi imetoka nzito kwenye utepe lakini karatasi ya ukaguzi haionyeshi hata kijistari kimoja, tatizo si wino tena. Njia iko wazi, ila kichwa hakipokei amri. Huenda kebo bapa inayoingia kichwani imelegea au imelowa, au kichwa chenyewe kimeungua. Ukifika hapo, maji zaidi hayana msaada.

Kabla hujakata tamaa na pengo lisilofunguka, rudi kwenye kifuniko. Mpira wake ukiwa na uchafu au nywele moja tu iliyokaa vibaya, haubani, na pampu inavuta hewa ya nje badala ya wino. Weka matone machache ya maji kwenye kijisahani, rudisha kichwa, fanya usafishaji mmoja, kisha tazama. Maji yakiwa bado yamejaa kama ulivyoyaacha, pampu hainyonyi, na usafishaji wote ulioufanya hadi sasa ulikuwa wa bure.

Spiriti na bomba la sindano

Wengi hukimbilia spiriti kwa sababu inakauka upesi na inaonekana kali. Ukali huo ndio unaonitia wasiwasi. Uso wa kichwa una utando unaofanya wino usitapakae, na gundi zilizoshika sehemu za ndani hazikutengenezwa kwa ajili ya viyeyusho. Anza na maji, na ukihitaji zaidi, tafuta kimiminika cha kusafishia vichwa kinachouzwa na wauza wino. Asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, isikaribie printa kabisa.

Bomba la sindano lenye mpira laini hutumiwa na mafundi kupitisha maji ndani ya kichwa kutokea juu. Linafanya kazi, lakini linahitaji kidole kisicho na hasira. Sukuma kidogo, subiri, sukuma kidogo. Likigoma, acha maji yakae. Anayekandamiza hupasua kuta kati ya njia za rangi ndani ya kichwa, na tangu siku hiyo njano itatoka na uchafu wa samawati milele. Pia tone moja likipanda kwenye viunganishi vya umeme na printa ikawashwa kabla halijakauka, kichwa kinaweza kuungua papo hapo.

Kwa wenye katriji

Kazi yenu ni fupi. Toa katriji, igusishe uso wake wa chini, ule wenye matundu, kwenye karatasi ya jikoni iliyoloweshwa kwa maji ya uvuguvugu, kwa dakika chache. Usiizamishe, kwa sababu vile vibamba vya shaba ni vya umeme na vinatakiwa kubaki vikavu. Kisha ibonyeze mara moja kwenye karatasi kavu. Rangi ikitoka nzito, irudishe.

Jambo moja la kuzingatia: kichwa cha joto hupozwa na wino wenyewe. Ukiendelea kuchapisha wino ukiwa umekwisha, eti umalizie kurasa mbili za mwisho, vijihita vinachemka vikavu na kuungua. Katriji ya namna hiyo ukiijaza tena haitapona, hata ukiilowesha wiki nzima.

Wino unaojiletea tatizo

Kuna wino ambao rangi yake imeyeyuka ndani ya maji, na kuna ambao rangi yake ni chembe ndogo sana zinazoelea. Epson za wino namba 103 na 664 hutumia aina ya kwanza, ambayo ndiyo rahisi zaidi kulainishwa na maji ikikauka. Ukichanganya aina mbili kwenye tangi moja, chembe zinaweza kushikana na kuganda, na hapo kuziba kunaanzia ndani, mahali utepe usipofika. Chupa iliyoandikwa kwamba inafaa kwa printa zote inavutia kwa bei, lakini swali la kumuuliza muuzaji ni moja: huu ni wa aina gani? Asipojua, usinunue.

Wanaochapa fulana na vikombe wana mtihani mkubwa zaidi. Wino wa sabulimesheni, unaohamia kwenye kitambaa kwa joto, una chembe zinazotuama chini ukikaa bila kutumika. Itikise chupa taratibu kabla ya kujaza, na usiipumzishe printa hiyo kama unavyopumzisha ya nyaraka. Kwa printa ya kawaida, ukurasa mmoja wenye rangi zote nne kila wiki unatosha. Kwa hii, kila baada ya siku mbili tatu si nyingi. Mwenye shule anayefunga ofisi mwezi mzima wa Desemba amwachie mlinzi au karani kazi hiyo, na amwonyeshe kitufe cha kuzimia.

Lini umwite fundi

Ukiwa umelowesha usiku mbili, kifuniko kinanyonya, tangi limejaa, na pengo halijapungua hata kijistari kimoja, simama hapo. Kama mapengo yanapungua, hata polepole, endelea, kwa sababu kichwa kinachofunguka vijistari vitano kwa usiku kiko njiani kupona.

Fundi akisema kichwa kibadilishwe, uliza bei kabla hajafungua skrubu, maana kwa printa ndogo za nyumbani kichwa kipya mara nyingi hugharimu karibu sawa na printa yenyewe. Na unapokwenda kwake beba karatasi zako zote za ukaguzi zenye saa ulizoandika, pamoja na utepe wa mwisho uliokauka. Fundi anayeijua kazi atazipanga mezani na kuanzia pale ulipoishia. Akizisukuma pembeni na kufungua moja kwa moja usafishaji wa nguvu, mwombe printa yako, umpelekee mwingine.